Kupeleka masafa ya rejea kwa faiba, kutoka Makambako hadi Kidugala

Makambako ndiko barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma inakoachana na ile ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA inapita hapo, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL umefuata ushoroba huo huo, na hapo ndipo inapoanzia laini ya umeme ya kilovolti 220 iliyofikisha gridi ya taifa Songea kupitia Madaba. Ukitafuta mahali pa kuweka saa nzuri katika eneo hili, ni Makambako. Kidugala, katika Wilaya ya Wanging'ombe, iko pembeni ya njia hizo, na wengi wanaijua kwa misheni ya Kilutheri na seminari yake. Mwongozo huu ni wa fundi wa minara, fundi wa redio au mwalimu wa fizikia anayetaka mdundo wa saa iliyoko Makambako ufike Kidugala bila kuharibika njiani.

Masafa ya rejea ni mdundo wa umeme usioyumba, mara nyingi wa megahezi 10, ambao vifaa vingine hujipimia. Mtambo wa kurushia matangazo, mnara wa simu na kaunta ya maabara vyote vina oseleta ndogo ya kioo ndani yake, na oseleta hiyo ikiyumba kila kinachotoka kwenye kifaa kinayumba nayo. Ukiwa na saa moja bora na njia ya kuifikisha kwingine, huhitaji kununua saa bora kwa kila kituo.

Anza na namba, vifaa vitafuata

Kabla hujaomba bei kwa mtu yeyote, andika kwenye karatasi kifaa cha Kidugala kinahitaji usahihi kiasi gani. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu watu hununua saa ya kiwango cha maabara kwa kazi ambayo oseleta ya kawaida ingeimudu. Mtambo wa redio ya FM unaruhusiwa kupotoka hezi 2,000 tu, na kwenye megahezi 100 hiyo ni sehemu 20 katika milioni. Hauna haja ya faiba ya saa. Mnara mkubwa wa simu unatakiwa kubaki ndani ya sehemu 50 katika bilioni. Saa kuu ya mtandao wa simu, kwa kiwango cha ITU, ni sehemu moja katika bilioni 100. Minara ya 4G na 5G inayotuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yale yale inadai jambo la ziada: mbali na kudunda kwa kasi sawa, lazima idunde kwa wakati mmoja, ndani ya mikrosekunde 1.5. Darubini za redio zinazounganishwa kuwa darubini moja ndizo zenye kiu kubwa zaidi, nazo hutumia saa za hidrojeni.

Tofauti kati ya kudunda kwa kasi sawa na kudunda kwa wakati mmoja ndiyo itakayoamua gharama yako, kwa hiyo ielewe vizuri. Mtu aliye mlima wa pili husikia ngoma kwa kuchelewa, lakini akihesabu mapigo kwa dakika atapata idadi ile ile anayoipiga mpigaji. Idadi hubadilika pale tu mmoja wao anapotembea. Faiba ya kilomita 30, urefu nitakaoutumia hapa kwa mfano, huchelewesha mwanga kwa mikrosekunde 147 hivi. Kwa masafa, ucheleweshaji huo si kosa hata kidogo. Kosa ni ucheleweshaji unaobadilika wakati unapima. Umbali usikutishe, kinachostahili hofu yako ni joto, upepo, na mkono wa binadamu.

Utauliza kwa nini usifunge tu antena ya GPS juu ya paa la Kidugala. Kwa kazi nyingi, funga. Oseleta inayoongozwa na GPS ni rahisi, na kwa wastani wa siku nzima inafikia sehemu moja katika trilioni moja. Lakini antena iliyo juu ya paa ni mwaliko wa radi, mawimbi ya GPS ni dhaifu kiasi kwamba kifaa kibovu cha jirani kinaweza kuyafunika, na kituo kinachotegemea njia moja husimama njia hiyo inapokatika. Ushauri wangu ni kuwa na vyote viwili pale ambapo huduma haitakiwi kukatika, na kuitegemea faiba kwanza.

Tembea njia yote kwa miguu

Kioo cha faiba kikipata joto, mwanga hupita ndani yake polepole zaidi. Kanuni ya mkono ni pikosekunde 37 kwa kila kilomita kwa kila nyuzijoto moja. Kwa kilomita 30 hiyo ni nanosekunde 1.1 kwa kila nyuzijoto.

Sasa fikiria waya ulio juu ya nguzo mwezi Julai. Alfajiri baridi ya Njombe inakaribia barafu. Saa saba mchana ganda jeusi la waya liko juani. Tuseme kioo kimepanda nyuzijoto 20 kwa saa sita. Ucheleweshaji umeongezeka nanosekunde 22, na ukigawanya kwa sekunde 21,600 unapata sehemu moja katika trilioni moja. Jioni kosa hilo hugeuka upande wa pili waya unapopoa, na kwa siku nzima linajifuta karibu lote. Angalia tena namba uliyoiandika kwenye karatasi. Kwa mnara wa simu, hata waya huu mbaya wa nguzo ni bora maelfu ya mara kuliko unavyohitaji. Kwa maabara inayotaka kulinganisha saa za atomu, haufai bila kurekebishwa.

Waya uliozikwa ni habari nyingine kabisa. Mita moja chini ya ardhi, mchana na usiku karibu havijulikani. Joto la udongo hubadilika nyuzijoto chache kwa msimu mzima, yaani nanosekunde chache zinazosambaa kwa miezi. Kama unaweza kuchagua, chagua waya wa ardhini hata kama ni mrefu zaidi. Kilomita 45 za ardhini zitakupa usingizi kuliko kilomita 30 za nguzo.

Ndiyo maana nasema tembea. Ramani itakuonyesha mstari mmoja tu, wakati mstari huo unaweza kuwa umezikwa kandokando ya barabara kuu, ukapanda nguzo kwenye mto, ukashuka tena, ukamalizia juu ya nguzo za mti hadi kwenye jengo. Andika kila kipande na urefu wake. Andika pia wapi upepo unapiga wazi, kwa maana Makambako na uwanda wa Wanging'ombe ni nchi ya upepo, kiasi kwamba wawekezaji wamepanga kujenga mitambo mikubwa ya umeme wa upepo karibu na mji. Waya unaobembea huongeza mtikisiko wa haraka ambao wastani wa siku hauonyeshi lakini kaunta ya sekunde kwa sekunde itauona. Angalia milingoti na misindano inayoegemea laini, na mashamba yanayochomwa moto kabla ya mvua, kwa sababu nguzo ya mti ikiungua waya unaanguka nayo. Ukilazimika kuchimba mwenyewe, kibali cha hifadhi ya barabara kuu unakipata TANROADS, na cha barabara za wilaya ni TARURA.

Kwa mwenye mkongo, omba uzi mtupu wa faiba, ambao hauna kifaa cha mtu mwingine njiani. Ukiuziwa intaneti ya kawaida badala yake, mdundo wako utapita kwenye vifaa vinavyopanga pakiti foleni, na foleni haina mdundo. Kama uzi mtupu haupatikani, muulize mtoa huduma swali moja na usikubali jibu la nusu: je, kila kifaa kuanzia Makambako hadi Kidugala kinapitisha saa kwa SyncE, yaani Ethaneti inayobeba mdundo? Kimoja tu kisichopitisha, mnyororo umekatika.

Mwanga wenyewe

Njia rahisi ya kupeleka masafa ni kuwasha leza na kuitikisa nguvu yake kwa mdundo wako, kisha kuupokea mwanga upande wa pili na kuugeuza kuwa umeme. Tuma mdundo wa juu kadiri vifaa vinavyoruhusu: megahezi 100 au zaidi badala ya 10. Kelele ya kipokezi huupotosha mdundo kwa sehemu ya mzunguko mmoja, na mzunguko wa megahezi 100 ni mfupi mara kumi, kwa hiyo kosa la wakati nalo ni dogo mara kumi. Ukifika Kidugala, gawanya upate 10 zako.

Piga hesabu ya upotevu wa mwanga. Kwa nanomita 1310, faiba ya kawaida ya G.652 hupoteza desibeli 0.35 kwa kilomita, kwa hiyo 10.5 kwa njia nzima. Ongeza desibeli 0.1 kwa kila splaisi na 0.3 kwa kila konekta, unafika 12 na ushee. Kwa nanomita 1550 upotevu unashuka hadi 8 au 9. Jambo ambalo fundi aliyezoea intaneti hulisahau ni kwamba katika kazi hii kila desibeli moja ya mwanga inakula desibeli mbili za mdundo wa umeme, kwa sababu umeme unaotoka kwenye kipokezi hufuata nguvu ya mwanga, na nguvu ya umeme huo hufuata mraba wake. Desibeli 12 za mwanga ni 24 za mdundo. Konekta moja chafu, ambayo intaneti ingeivumilia bila mtu kujua, hapa itaonekana kwenye kipimo.

Hata hivyo kwa kilomita 30 ningechagua 1310. Sababu yake ni rangi. Leza isiyodhibitiwa joto hubadilisha rangi yake kwa nanomita 0.1 hivi kwa kila nyuzijoto. Kwenye 1550, rangi tofauti husafiri kwa kasi tofauti: pikosekunde 17 kwa kila kilomita kwa kila nanomita. Zidisha, na utaona kwamba chumba cha mitambo kikipanda nyuzijoto moja tu, mdundo unachelewa pikosekunde 51 Kidugala ingawa faiba yenyewe haijaguswa. Kwenye waya uliozikwa, kiyoyozi kinachowaka na kuzima Makambako kinaweza kuwa chanzo kikubwa cha kuyumba kuliko ardhi yote ya njiani. Karibu na 1310 athari hiyo inakaribia sifuri. Ukilazimika kutumia 1550, nunua leza yenye udhibiti wa joto ndani yake.

Tumia konekta za kijani, zile zilizokatwa mshazari, kila mahali. Za bluu hurudisha sehemu ya mwanga nyuma. Mwanga huo unagonga konekta nyingine, unageuka tena na kufika Kidugala ukiwa umechelewa, na unachanganyika na ule wa kweli. Kila waya unapobembea, mchanganyiko huo unabadilika. Ukifungua konekta, iangalie kwa darubini ya mkono kabla ya kuifunga tena. Utaona duara jeupe na nukta ndogo katikati. Vumbi jekundu la barabara zetu likikaa juu ya nukta hiyo, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi, kwa mkokoto mmoja wa upande mmoja, usisugue mbele na nyuma, kisha angalia tena. Usitazame kamwe ndani ya faiba kwa jicho tupu. Mwanga huu hauonekani, na jicho halitakuonya.

Pima kabla ya kununua kilichobaki

Hiki ndicho kipengele ninachokusihi usikiruke. Omba nyuzi mbili kwa muda. Kidugala, unganisha kipokezi cha uzi wa kwanza na kirushio cha uzi wa pili, ili mdundo uliotoka Makambako urudi Makambako. Saa ile ile inatuma na kupima, kwa hiyo makosa yake yanajifuta na kinachobaki ni tabia ya njia. Unganisha kaunta inayolinganisha mdundo unaotoka na unaorudi, iandike tofauti kila sekunde, na uiache mchana na usiku kwa wiki nzima, ikiwezekana wakati wa kipupwe, siku zenye jua kali na usiku wa baridi. Weka vipimajoto vitatu: chumba cha Makambako, chumba cha Kidugala, na kimoja kwenye nguzo.

Kisha chora. Wimbi pana linalopanda mchana na kushuka usiku ni joto la waya. Ligawe kwa mbili upate la safari moja. Meno madogo yanayojirudia kila baada ya dakika kadhaa ni kiyoyozi. Ukwaru unaoanza upepo unapovuma ni kipande cha nguzo. Mruko wa ghafla usiorudi ni konekta iliyolegea, au kuna mtu kagusa waya. Kwa muhtasari wa namba, kokotoa mchepuo wa Allan, kipimo alichokianzisha David Allan mwaka 1966 hasa kwa kazi ya saa: kinakuonyesha kuyumba kwa sekunde 1, sekunde 100, siku nzima, kila kimoja peke yake. Programu za bure za kukikokotoa zipo. Linganisha na ile karatasi. Mara nyingi utagundua kwamba njia yako inatosha kama ilivyo, na fedha iliyobaki itafaa zaidi kwenye betri.

Isipotosha, dawa yake inajulikana tangu mwaka 1994, wakati Long-Sheng Ma, Peter Jungner, Jun Ye na John Hall walipoonyesha namna ya kufuta kelele ya faiba. Rudisha sehemu ya mwanga kwa uzi ule ule, pima badiliko la kwenda na kurudi, chukua nusu yake, na urekebishe unachotuma kabla hakijaondoka. Wajerumani walitumia njia hiyo mwaka 2012 kwenye kilomita 920 kati ya Braunschweig na Garching, na baadaye saa za Paris na Braunschweig zikalinganishwa kwa faiba ya kilomita 1,415. Marekebisho yana mpaka mmoja wa kimaumbile: huwezi kusahihisha mtikisiko unaopita haraka kuliko mwanga unavyokwenda na kurudi. Kwa kilomita 30 mpaka huo ni kama hezi 1,700, na upepo wa Makambako hautikisi waya kwa kasi inayokaribia hapo. Ukijaribu kuivuta saa kutoka Dar es Salaam kwa faiba moja, mpaka unashuka hadi makumi machache ya hezi.

Usijitengenezee mfumo huo kama huna sababu. Anayehitaji wakati pamoja na masafa anunue vifaa vya White Rabbit, teknolojia iliyozaliwa CERN na kuingizwa kwenye kiwango cha IEEE 1588 mwaka 2019. Inatumia uzi mmoja, rangi moja kwenda na nyingine kurudi, na kosa lake ni chini ya nanosekunde moja. Sharti lake ni kupima tofauti ya kasi ya rangi hizo mbili kwenye faiba yako, na kuingiza namba hiyo kwenye kifaa.

Umeme, radi, na siku faiba itakapokatika

Uzuri mkubwa wa kioo ni kwamba hakipitishi umeme, na kwenye nyanda zetu za mvua na radi hiyo ni zawadi. Lakini waya mwingi wa faiba una chuma ndani ya ganda, cha kuupa nguvu au kuukinga na panya. Ukikiingiza chuma hicho hadi kwenye raki, umeileta radi ndani kwa mkono wako. Kikate nje ya jengo, kiunge kwenye ardhi, na mita za mwisho tumia waya usio na chuma kabisa.

Kidugala isiishi kwa faiba peke yake. Weka oseleta yake yenyewe inayofuata mdundo wa Makambako polepole na kuendelea kudunda unapokatika. Muda itakaokuvumilia unahesabika. Kama kituo kinadai mikrosekunde 1.5, oseleta iliyo kwenye tanuri inayopotoka sehemu moja katika bilioni 10 itakupa saa nne na dakika chache. Saa ya rubidi inayopotoka sehemu moja katika bilioni 100 itakupa siku moja na robo tatu. Jiulize mafundi wanachukua muda gani kufika, kutafuta mahali faiba ilipokatika kwa OTDR (kifaa kinachopima urefu wa faiba kwa mwanga unaorudi), kuchimba na kusplaisi wakati wa masika, kisha uchague. Kwa maoni yangu rubidi inajilipa. Betri zake zihesabiwe kwa muda huo huo, kwa sababu nguzo iliyoanguka na faiba mara nyingi imeanguka na umeme pia.

Waya ukishatengenezwa, kazi yako haijaisha. Mafundi huongeza kipande ili wapate nafasi ya kusplaisi, na mita 20 za ziada ni nanosekunde 98. Anayetumia masafa peke yake ataona mruko mmoja, kisha mdundo ule ule. Anayetumia wakati kwa nyuzi mbili, moja kwenda na nyingine kurudi, atabaki na kosa la nanosekunde 49 kama kipande kimeongezwa kwenye uzi mmoja tu, na hakuna taa nyekundu itakayomwambia. Kwa hiyo piga OTDR pande zote mbili kila baada ya matengenezo, andika urefu mpya wa kila uzi pamoja na tarehe kwenye daftari linalokaa ndani ya raki, na upime upya tofauti ya nyuzi hizo kabla ya kurudisha huduma ya wakati.